Kusomea Huduma ya Watoto kwa Ngazi ya Juu: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada

Wauguzi, matabibu na madaktari wanaohudumia watoto katika Afrika Mashariki huuliza swali moja kwa namna nyingi: baada ya diploma au shahada ya kwanza, na baada ya miaka kadhaa wodini, ni masomo gani yatakayomwezesha mtumishi kumtibu mtoto mgonjwa kwa uamuzi wake mwenyewe, na masomo hayo yanapatikana wapi? Majibu yanayotolewa vijiweni, na hata katika ofisi za udahili, huwa ni orodha ya vyuo na viwango vya ada. Makala hii inashika njia nyingine, kwa kuwa jina la shahada lina uzito mdogo kuliko mambo mawili yasiyoandikwa katika tangazo la chuo: nani atasimama kando ya kitanda mwanafunzi anapofanya uamuzi, na ni kazi gani ataruhusiwa kuifanya akisharudi kituoni.

Kinachosomewa hasa

Huduma ya kitabibu ya ngazi ya juu ni kazi ya mtumishi aliyekwisha kusajiliwa katika taaluma yake, awe muuguzi, tabibu, daktari, mfamasia au mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye amesoma zaidi na kupimwa mpaka akaaminiwa kuchukua historia ya ugonjwa, kumkagua mtoto mwili mzima, kuagiza vipimo na kuvisoma, kuamua tatizo ni nini, kuanzisha matibabu na kuyajibia. Neno la mwisho ndilo zito. Wapo wengi wanaofanya kazi hizo usiku, daktari anapokuwa mbali, bila kuwa na mafunzo wala ulinzi wa kisheria, na baadhi yao hudhani kwamba mazoea hayo ni sawa na sifa.

Kwa upande wa watoto ugumu huzidi, kwa sababu kichanga wa siku 2, mtoto wa miezi 8 na kijana wa miaka 14 hulazwa chini ya paa moja ilhali pumzi, mapigo ya moyo, dozi na hata namna ya kuongea nao hutofautiana. Pumzi 45 kwa dakika ni za kawaida kwa mtoto wa miezi 6, lakini kwa mwenye miaka 2 anayekohoa ni dalili ya nimonia.

Njia zilizopo kwa kila kada

- Daktari mwenye shahada ya kwanza. Njia yake iko wazi: baada ya mafunzo kwa vitendo na usajili kamili, huomba Shahada ya Uzamili ya Tiba katika magonjwa ya watoto, inayojulikana kama MMed. Tanzania shahada hiyo huchukua miaka 3 au zaidi kutegemea chuo, na hutolewa Muhimbili (MUHAS), Moshi (KCMC) na Bugando (CUHAS), miongoni mwa vyuo vingine. Anayeimaliza huitwa daktari bingwa wa watoto, na akiendelea, kwa mfano katika magonjwa ya damu na saratani za watoto, huwa bingwa mbobezi.
- Tabibu, ambaye Kenya huitwa afisa wa kliniki. Kenya imemwekea njia yake kupitia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, kinachotoa stashahada ya juu ya tiba ya watoto. Stashahada hiyo husomwa baada ya diploma na si shahada ya uzamili, lakini kwa mamlaka inayompa mhitimu wodini huzishinda shahada kadhaa zenye majina marefu. Tanzania njia iliyozoeleka kwa tabibu ni kurudi darasani kusomea shahada ya udaktari.
- Muuguzi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili ya uuguzi yenye mkondo wa watoto. Kwingineko muuguzi huenda akakuta mkondo wa wagonjwa mahututi au wa ukunga, ambamo mtoto ni sura chache tu za mtaala. Asijiandikishe kabla ya kuuona mtaala wenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Karatasi zitangulie

Hatua zifuatazo zifanywe kwa mpangilio huu huu, kabla ya kulipa hata ada ya fomu, kwa sababu anayeziruka huja kuzifanya baadaye akiwa na deni.

1. Mwombaji ahakikishe kwamba chuo na programu vimeidhinishwa na mamlaka ya nchi: Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa Tanzania, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) kwa Kenya. Chuo kinaweza kuwa na kibali, huku programu mpya ikiwa bado inakisubiri.
2. Aliulize baraza la taaluma yake, kwa barua, iwapo sifa hiyo itaongezwa katika usajili wake. Kenya, kwa mfano, baraza la wauguzi, la madaktari na la maafisa wa kliniki ni vyombo tofauti, na kila kimoja kina masharti yake.
3. Aombe mwajiri aandike mambo matatu: ruhusa ya masomo, hali ya mshahara wakati wa masomo, na nafasi atakayorudia. Jambo la tatu huachwa mara nyingi, nalo ndilo linaloamua maisha ya mhitimu.
4. Anayekwenda nje aulize mapema utaratibu wa kutambuliwa kwa vyeti vya kigeni. Tanzania kazi hiyo hufanywa na TCU.

Huenda mtu akasema kwamba ofisa udahili amekwisha kumhakikishia kuwa shahada inatambulika. Ofisa huyo husema kweli kwa upande wake, kwa maana shahada inatambulika kama shahada. Kutambulika kama kibali cha kufanya kazi fulani wodini ni suala jingine kabisa, na jibu lake liko kwa baraza na kwa mwajiri.

Kipimo ni kitandani

Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walichapisha matokeo yanayostahili kusomwa na kila anayechagua programu. Mafunzo ya siku 1 ya kumsaidia kichanga kupumua yaliwaongezea watumishi ustadi walipopimwa kwa mwanasesere, lakini hayakubadilisha jinsi walivyowahudumia vichanga halisi katika chumba cha kujifungulia. Hospitali hiyo hiyo ilipoanzisha mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale wodini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vya vichanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua. Mada ilikuwa ile ile na vifaa vilikuwa vile vile, ila zoezi lilisogezwa karibu na mtoto na likarudiwa.

Ikiwa hali ni hiyo kwa ustadi mmoja wa dakika chache, basi kwa masomo ya miaka 2 au 3 swali la kwanza haliwezi kuwa la majengo wala la maktaba. Mwombaji aende hospitali ya kufundishia, aketi na wanafunzi wa mwaka wa pili, ambao wamekwisha kuchoka kiasi cha kusema ukweli na bado hawajaanza kuusifu uchovu wao, kisha awaulize:

- Bingwa hupita wodini mara ngapi kwa wiki, na akipita huuliza na kusahihisha, au hutia saini tu na kuondoka?
- Usiku, mtoto akizidiwa, nani hupigiwa simu, na je, huja?
- Mwanafunzi huzunguka vitengo vipi: watoto wachanga, lishe, dharura, uangalizi maalumu, kliniki ya selimundu, upasuaji? Hukaa wiki ngapi kila mahali?
- Daftari la kazi, yaani lile ambamo kila ujuzi uliofanywa huandikwa na kutiwa saini na msimamizi, hujazwa siku ya tukio au hujazwa lote juma la mwisho?
- Wanafunzi wangapi hugombea mgonjwa mmoja?

Swali la daftari ndilo linalofichua mengi. Pale ambapo saini zote zina wino mmoja na tarehe zinazofuatana kwa unadhifu wa kutiliwa shaka, usimamizi haukuwapo. Kwa upande mwingine, hospitali yenye wagonjwa wengi mno nayo si dhamana ya mafunzo mazuri, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuona watoto 40 kwa siku, akaishia kuandika maelezo ya waliopokelewa bila mtu yeyote kumuuliza kwa nini ameamua alivyoamua. Kuona wengi ni uzoefu, na uzoefu usiosahihishwa huimarisha makosa kama unavyoimarisha ujuzi.

Mfano wa kujipima: sindano ya jentamaisini

Kabla ya kuomba, mtumishi ajipime kwa kazi ndogo ambayo mitihani ya vitendo haiachi kuigusa. Mtoto ana kilo 6 na nimonia kali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma ya watoto hospitalini unataka jentamaisini miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara 1 kwa siku, pamoja na ampisilini miligramu 50 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6. Hesabu ya jentamaisini ni miligramu 45, na hapo wengi huishia wakiwa wameridhika.

Kazi halisi huanzia kwenye kichupa. Kipo chenye miligramu 80 katika mililita 2, ambapo miligramu 45 ni kiasi cha mililita 1.1, na kipo chenye miligramu 20 katika mililita 2, ambapo miligramu 45 ni mililita 4.5. Muuguzi aliyezoea kichupa chepesi, akakuta usiku huo stoo imeleta kizito, akavuta mililita 4.5 kwa mazoea, amempa mtoto dozi mara 4 ya iliyoagizwa, ya dawa inayoweza kudhuru figo na masikio. Anayeona mfano huu kuwa wa chini mno kwa mtu anayetaka uzamili na akumbuke kwamba ngazi ya juu haiondoi hesabu hizi. Humfanya mhitimu awe ndiye anayeulizwa zinapokosewa.

Anayesitasita katika mfano huu aanze na kozi fupi kabla ya uzamili. Nchini Kenya kuna ETAT+, mafunzo ya siku 5 ya kuchambua haraka watoto wanaofika hospitalini, kutambua walio katika hatari na kuanza matibabu ya dharura, yaliyojengwa juu ya miongozo ya Shirika la Afya Duniani na kusambaa nje ya mipaka ya nchi hiyo. Kozi ya aina hiyo hugharimu kidogo, humwonyesha mtumishi mapengo yake, na humpa kitu cha kuandika katika maombi.

Utafiti si pambo

Wauguzi wengi huuchukulia utafiti na tasnifu kama kodi ya kulipa ili wapate shahada. Mtazamo huo unaeleweka, maana tasnifu nyingi huishia kabatini, lakini una hasara yake: humficha mwanafunzi jinsi utafiti unavyoweza kugeuza matibabu wodini. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu alipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama vitabu vya nchi tajiri vilivyoelekeza. Utafiti wa FEAST, uliofanyika kwa watoto zaidi ya 3,000 Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, uligundua kwamba vifo ndani ya saa 48 vilikuwa takriban asilimia 10.5 kwa waliopewa maji hayo na asilimia 7.3 kwa wasiopewa. Watoto waliopungukiwa maji kwa kuhara, na wenye utapiamlo mkali, hawakuhusishwa, kwa hiyo anayeyachukua matokeo haya akamnyima maji mtoto anayehara amesoma kichwa cha habari peke yake.

Ushauri wa vitendo hapa ni mfupi: mada ya tasnifu itoke katika wodi ambayo mwanafunzi atarudi, iwe ndogo, na kibali cha maadili ya utafiti kiombwe mapema kuliko inavyoonekana lazima, kwa sababu ucheleweshaji wa vibali umeongeza muhula kwa wanafunzi wengi kuliko ugumu wa somo lenyewe.

Wanaotazama nje

Uingereza ndiyo inayotajwa zaidi, na kwa haki. England ilitoa mwaka 2017 mfumo wa pamoja wa huduma ya kitabibu ya ngazi ya juu kwa taaluma mbalimbali, unaodai elimu ya kiwango cha uzamili na kusimama juu ya nguzo nne: huduma kwa mgonjwa, uongozi, ufundishaji na utafiti. Mwanafunzi kwa kawaida huwa ameajiriwa, husoma huku akifanya kazi, na muuguzi anaweza kuongeza sifa ya kuandika dawa mwenyewe.

Upo mtego ambao mawakala wa ajira hawautaji. Rejesta ya wauguzi ya Uingereza hutenganisha uuguzi wa watu wazima na wa watoto, na muuguzi aliyesomea uuguzi wa jumla Afrika Mashariki kwa kawaida huingia kwa mlango wa watu wazima, hata kama amefanya kazi wodi ya watoto miaka 10. Anayekusudia watoto aulize hilo kabla ya kusaini mkataba wowote, kwa sababu nafasi nyingi za mafunzo ya juu ya watoto hutaka usajili wa watoto.

Kwa madaktari, na kwa wanaotaka kurudi nyumbani, njia ya Cape Town inafaa zaidi kuliko inavyosifiwa. Tangu mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa kushirikiana na hospitali ya watoto ya Red Cross, kimekuwa na mpango wa kuwafundisha ubobezi madaktari wa Kiafrika wanaoteuliwa na taasisi zao na kutarajiwa kurejea huko. Magonjwa yanayoonekana huko yanafanana na ya kwetu, na sharti la kurejea hulazimisha taasisi kuwaza mapema mhitimu atafanya nini.

Makosa yanayojirudia

- Kuchagua programu kwa sababu madarasa yako jioni au mtandaoni. Nadharia husomeka kwa njia hiyo bila shida. Kukagua tumbo la mtoto anayelia hakusomeki.
- Kuomba mara tu baada ya kusajiliwa, bila kukaa wodi ya watoto. Mwanafunzi huyo hutumia mwaka wa kwanza kujifunza anachopaswa kuwa anakijua.
- Kuhesabu ada na kusahau pango, nauli, uchapaji wa tasnifu na mshahara wa zamu za ziada utakaokosekana.
- Kutegemea ufadhili ambao barua yake haijafika mkononi.
- Kujiita bingwa kabla ya baraza kusema hivyo.

Mashaka yanayosikika

*"Hospitali ya wilaya yetu haina bingwa wa watoto, nitasimamiwa na nani?"* Vipindi vya kukaa hospitali ya rufaa havikwepeki, lakini baina ya vipindi hivyo daktari mkuu wa wodi anaweza kuwa msimamizi wa karibu, na bingwa wa mkoa akapitia majalada kwa simu mara moja kwa wiki kwa saa iliyopangwa. Makubaliano hayo yaandikwe. Ahadi ya "nipigie wakati wowote" haina mtu wa kuitimiza saa 9 usiku.

*"Madaktari watasema muuguzi anajifanya daktari."* Wengine watasema. Mabishano hayo humalizwa na mipaka iliyo wazi, ikionyesha ni ugonjwa gani mhitimu anauanzia matibabu, ni dawa zipi anaandika, na ni dalili zipi zinamlazimu kuita. Muuguzi anayejua lini aite hupata ushirikiano haraka kuliko anayejua mengi na haiti.

*"Umri umepita."* Mwenye miaka 45 aliyebakiwa na miaka 15 ya utumishi ana sababu nzuri ya kusoma. Aliyebakiwa na 4 na ambaye mkataba wa ufadhili unamtaka atumikie 5 asome mkataba tena.

Kurudi kituoni

Wahitimu wengi wa uuguzi hurudi na shahada ya uzamili, wakapangwa zamu zile zile, au wakahamishiwa ofisini kusimamia makaratasi, na baada ya mwaka 1 mikono yao imesahau. Muundo wa utumishi, yaani waraka unaoeleza madaraja na kazi za kila kada, mara nyingi hauna nafasi inayolingana na walichosomea, na kuubadilisha si kazi ya mtu mmoja. Kilicho ndani ya uwezo wa mhitimu ni kufanya mambo haya katika miezi 3 ya kwanza:

- kumpa mganga mfawidhi orodha ya ukurasa 1 ya kazi alizopimwa na kufaulu, ikiambatana na nakala ya daftari la kazi, na kuomba itiwe saini;
- kuomba eneo moja la kuanzia, kwa mfano chumba cha watoto njiti au kliniki ya selimundu, badala ya kudai wodi nzima;
- kupanga na daktari wa wodi mapitio ya majalada kila juma;
- kuhakikisha nakala ya orodha iliyotiwa saini inafika duka la dawa la hospitali, kwa kuwa mfamasia ana wajibu wa kuikataa karatasi ya dawa iliyoandikwa na mtu asiyemjua kuwa na ruhusa, na mama aliyekwisha kupanga foleni mara mbili na mtoto mgongoni hatafafanuliwa jambo hilo na mtu mwingine yeyote.